Saa ya Bandani

Brisbane, 23 Novemba 1987

Clarrie na Nola wangu,

Kaeni chini kwanza. Clarrie, zima trekta. Nola, epua hicho ulichoteleka. Ningepiga simu, lakini Clarrie kwenye simu ni balaa: mtu unamwambia umefaulu, yeye anajibu mvua imenyesha.

Nimefaulu! Vifaranga wenu wamenifikisha.

Clarrie, Septemba uliniuliza macho ya vifaranga nayafanyia nini, nikakujibu utachoka kusikiliza. Samahani, nilikuwa na kiburi. Leo sikiliza hata kama utachoka. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba, retina, umejaa seli za neva. Seli hizo zinaongea lakini hazigusani. Kati yao kuna mwanya mdogo usioonekana. Mwenye habari humwaga tone la kemikali, tone linavuka mwanya, jirani anapata ujumbe. Tone lisipovuka, jirani hajui kitu, hata awe amelala mlango wa pili. Moja ya kemikali hizo ni dopamini. Usiku baadhi ya seli hushikana mikono, zikusanye pamoja kimwanga kidogo kilichopo. Alfajiri dopamini inamwagika na kuziambia: achianeni, sasa kila mmoja aangalie kwa jicho lake. Ndiyo maana mchana tunaona sindano, na usiku tunaona kivuli tu.

Sasa, vifaranga wenu wamelelewa majuma matatu huko shambani kwenu, kwenye banda lisilopenywa na jua, taa ikiwashwa na saa yake yenyewe saa kumi na mbili asubuhi na kuzimwa nayo saa kumi na mbili jioni. Usiku wa mwisho tukawaleta huku ndani ya sanduku, gizani. Asubuhi yake taa sikuwasha kabisa. Nikawa napima dopamini kila nusu saa kuanzia saa kumi alfajiri. Ikapanda yenyewe, gizani! Hilo wenzetu wamewahi kuliona. Lakini kwangu imepanda saa kumi na moja, saa nzima kabla ya wakati wa taa. Jicho linajua kunakucha kabla hakujakucha. Hilo hajalisema mtu.

Profesa Penhale, ambaye hajawahi kunisifu hata kwa kikohozi, ameniambia niandike makala upesi. Mkataba wangu unaisha Juni. Kuna nafasi moja Melbourne, ya kudumu. Makala hii ikitoka, naipata. Isipotoka, narudi Ingham kwa baba kuhesabu magunia ya mbolea, na yeye ataniambia, "Si nilikuambia?"

Nawabusu nyote wawili,
Rina

*

Karibu na Murwillumbah, 2 Desemba 1987

Daktari wa Macho ya Kuku,

Barua yako Nola ameisoma kwa sauti mara tatu, mara ya tatu kwa mbwa. Mbwa ameelewa zaidi yangu.

Hongera, binti. Mimi nilidhani unawala.

Migomba imeangushwa na upepo wa Jumanne, mstari mzima wa upande wa mto. Mimi mzima. Nola anahema akipanda ngazi lakini ukimwambia aende kwa daktari anakwambia daktari naye anahema. Tangu saa za kiangazi zianze upande wetu wa mpaka, saa zote zikasogezwa mbele saa moja, ndiyo hakuna amani humu ndani, kila ninachofanya nimechelewa. Nyinyi wa Queensland mna raha, hamsogezi kitu, mnaogopa saa zikisogezwa mapazia yatapauka. Juzi nimevuka mpaka kwenda kwa kinyozi Coolangatta, upande wenu, nikafika saa moja kabla hajafungua, nikakaa barabarani kama kuku wako. Huku mtu akikwambia njoo saa nne, swali la kwanza ni: saa nne ya nani?

Nola anataka kalamu.

Rina mpenzi, huyu mzee asikudanganye. Yuko nyuma saa moja tangu tuoane. Mwenye kusogeza saa za nyumba hii ni mimi, zote, na sijawahi kusahau hata moja kwa miaka kumi na sita. Bandani kwako pia nimehakikisha kila kitu kinakwenda na wakati, usiwe na wasiwasi. Nakutumia keki ya matunda kwa yule kijana wa gari anayekubebea vifaranga. Usimpe Penhale.

Nola (na Clarrie)

*

Brisbane, 19 Januari 1988

Clarrie,

Sijui nianze vipi. Kwenye mazishi nilikushika mkono tu nikalia kama mtoto, na wewe ndiye ukanipa leso. Mambo yalikuwa kinyume.

Eti alikuwa anaanika shuka. Kila nikiliwaza naona shuka moja imebaki nusu kwenye kamba. Keki yake bado ninayo kipande, kimekauka, sina moyo wa kukila wala kukitupa.

Sitaki kukuzungumzia kazi, lakini ulisema makaburini nikuandikie habari za kawaida, kwamba habari za huzuni umezishiba. Basi. Makala nimeipeleka. Mei nitasimama Sydney mbele ya mkutano wa watu wa macho, na mkuu wa ile idara ya Melbourne atakuwepo. Silali vizuri. Naamka saa kumi alfajiri bila sababu, nakaa nasubiri kuche. Nadhani vifaranga wameniambukiza.

Vifaranga wengine sitahitaji mpaka majira ya baridi. Pumzika.

Wako,
Rina

*

Karibu na Murwillumbah, 22 Machi 1988

Rina,

Jumapili tumerudisha saa nyuma. Nola hayupo, ikabidi nizunguke mimi. Hujui nyumba ina saa ngapi mpaka uzirudishe mwenyewe. Ya jiko la umeme nimeishindwa, sasa inawaka nukta tu.

Nataka kukuuliza kitu cha kijinga. Wale vifaranga wa Julai, kundi la kwanza kabisa, walisemaje? Hukuwahi kuniambia. Wa Novemba ndio uliowashangilia.

Na la pili. Taa za bandani zingekuwa zinawaka wakati usio wake, ingeharibu kitu? Nauliza tu.

Nimekonda kidogo. Mbwa amenenepa, anakula chakula cha watu wawili.

Clarrie

*

Brisbane, 30 Machi 1988

Mzee wangu,

Barua yako imenitia huruma. Naona unazunguka banda tupu unatafuta kosa. Watu husema mtu akifiwa hutafuta cha kujilaumu, hata kama ni swichi ya taa. Clarrie, hukukosea chochote. Nilikwambia siku ile ya kwanza, saa ya taa iachwe kwenye saa za Queensland mwaka mzima isiguswe, na wewe si mtu wa kugusa kitu ulichokatazwa. Taa zako zilikuwa sawa. Acha kujitesa.

Habari za Julai hazina maana. Julai mikono yangu ilikuwa mizito, nilikuwa najifunza bado kulifungua jicho gizani kwa taa nyekundu, barafu iliyeyuka mara mbili. Dopamini ilipanda saa kumi na mbili kamili, yaani hakuna jipya. Niliandika kwenye daftari la bluu nikaliweka. Wataalamu wote wana daftari kama hilo. Tafadhali usiniulize tena habari za Julai, sina nafasi nayo kichwani. Nina picha kumi na nne za kuchora kabla ya Sydney.

Umeonana na watu? Nenda klabuni ukanywe bia na wenzio.

Rina

*

Karibu na Murwillumbah, 14 Aprili 1988

Rina,

Klabuni nilikwenda. Wananiangalia kama yai bovu, hakuna anayetaka kunigusa. Nikanywa nusu nikarudi.

Nilikuwa na jambo la kukuandikia. Nimeliandika mara nne na karatasi zote zimeingia motoni. Litakuja. Mvua imenyesha.

Clarrie

*

Karibu na Murwillumbah, 9 Mei 1988

Rina,

Hii haiendi motoni, kijana wa posta yuko getini na nimemwambia asubiri. Anapiga honi.

Nyuma ya mlango wa kabati la jikoni Nola alibandika orodha ya saa zote za nyumba hii. Sijawahi kuisoma, miaka yote hiyo nilikuwa naona karatasi tu. Jumapili ile ya Machi ndipo nikaisoma. Saa ya ukutani jikoni. Ya jiko. Ya chumbani. Ya kuku wa mbao kibarazani. Ya gari. Kumi na moja zote, na mbele ya kila moja alama ya vema kila Oktoba na kila Machi. Chini kabisa, kwa wino mpya: "12. Banda la Rina." Na mbele yake vema moja tu, 25 Oktoba 1987.

Nilikimbia bandani. Ya taa ilikuwa mbele saa moja. Imekuwa mbele tangu Oktoba, Rina. Jumapili ile ya Oktoba mimi nilikuwa mjini Lismore kutazama trekta la mtu. Taa yako ya saa kumi na mbili ilikuwa inawaka saa kumi na moja ya kwenu. Mimi si msomi, lakini hesabu hiyo naiweza. Vifaranga wako hawakuwa manabii. Waliamka wakati waliofundishwa kuamka.

Wewe uliniambia mimi isiguswe. Mimi sikumwambia yeye. Wewe hukumwambia yeye. Ndiye aliyekuwa akiwalisha kila asubuhi, mimi niko migombani, na hakuna kati yetu aliyeona haja ya kumweleza kitu. Alifikiri anatusaidia.

Nimekaa na neno hili majuma saba. Nilijua naua kazi yako. Nilijua pia watu wataulizana ni nani mjinga aliyegusa saa, na jibu ni mke wangu ambaye hawezi kujitetea. Nimeona aibu kwa yote mawili. Usisimame mbele ya watu wale, binti.

Clarrie

*

Kadi ya posta, Sydney, 12 Mei 1988

CLARRIE! Jana nimezungumza. Walipiga makofi mpaka Penhale akasimama. Mtu wa Melbourne amenishika mkono akasema nafasi ni yangu, zimebaki karatasi tu! Nilipomaliza nilitamani Nola angekuwa ukumbini na kofia yake ile ya harusi. Narudi Brisbane Jumatatu, nakuja kwako na chupa. Daktari wa Macho ya Kuku amefika mjini!

Rina

*

Brisbane, 17 Mei 1988

Clarrie,

Barua yako ilikuwa chini ya mlango, nimeikanyaga kwa kiatu kabla sijaiona.

Majuma saba! Ulikaa na neno hili majuma saba, ukaniandikia habari za bia na mbwa! Unajua kuna basi kutoka kwako hadi kwangu? Saa mbili na nusu tu, kwa saa ya yeyote umtakaye. Ungekuja ukasimama mlangoni ukasema. Ungemtuma kijana wa gari. Ungepiga hiyo simu ukapiga kelele bila kusikia jibu. Nimesimama mbele ya watu mia tatu nikawaambia jicho linajua kunakucha kabla hakujakucha, na wewe ulikuwa unajua kuwa ni uongo!

Na Nola. Jamani, Nola. Nampenda, Mungu ananiona, lakini nani huingia kwenye maabara ya mtu akageuza saa bila kuuliza? Ni ushamba wa hali ya juu. Kazi ya miaka minne imekwenda kwa kidole kimoja.

Sijui nifanye nini. Hakuna anayejua isipokuwa mimi na wewe. Naandika hivyo na naona wazo linakoelekea. Hakuna anayejua.

R.

*

Karibu na Murwillumbah, 23 Mei 1988

Daktari Zanotti,

Nimekosa, na kosa la kunyamaza ni langu, nimelibeba. Nitukane mimi mpaka uchoke. Lakini mke wangu mtoe mdomoni.

Ile unayoiita maabara ya mtu ni banda nililojenga na yeye akinishikia ngazi. Alifagia mavi ya vifaranga wako kwa mikono yake, moyo wake unamsumbua na hakusema. Ulikuja hapa mara tano. Mara zote tano ulinieleza mimi habari za taa, yeye akiwa hatua tatu pembeni anakukatia keki. Siku moja alikuuliza, nakumbuka vizuri, "Wanaona ndoto hawa?" Ukacheka ukasema ni habari ndefu. Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba tone lisipovuka, jirani hajui kitu. Basi ushamba uko wapi hapo?

Na jingine. Tangu Machi nauliza habari za Julai unanifokea. Julai saa ilikuwa sawa, hakuna aliyeigusa. Julai vifaranga walikwambia saa kumi na mbili. Ukawafungia kwenye daftari la bluu kwa sababu hawakusema ulichotaka. Mimi nilificha orodha ya mke wangu. Wewe ulificha nini?

Hakuna anayejua, unasema. Mbwa anajua. Nilimsomea.

C. Tibbett

*

Brisbane, 3 Julai 1988

Clarrie mzee wangu,

Ulikuwa sahihi tangu mstari wa kwanza, na ilinichukua siku tisa kukubali. Siku hizo nilikuwa nazunguka chumbani kama kitu kilichofungiwa. Nilikuwa naandika barua ya kukubali kazi ya Melbourne, naikunja, naitia kwenye bahasha, naitoa. Siku ya kumi nikafungua droo nikatoa daftari la bluu. Barafu haikuyeyuka mara mbili, Clarrie. Iliyeyuka mara moja, na ilikuwa siku nyingine. Mikono yangu Julai ilikuwa myepesi kabisa. Nilijidanganya, nikakuandikia wewe uongo huo, nikauamini. Nola alikosea saa bila kujua. Mimi nilijua.

Nilimpelekea Penhale daftari pamoja na barua yako. Alisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Umekuja kwangu kwa hiari yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kaa, tuandike." Tumeiondoa makala. Nimeandikia kila jina lililokuwa kwenye orodha ya mkutano. Melbourne wamenijibu kwa adabu nyingi sana na nafasi wamempa mwingine. Mkataba wangu umekwisha Alhamisi. Penhale ameniachia meza mpaka Krismasi, bila cheo.

Kwa hiyo nimepoteza nilichokuwa naogopa kupoteza. Nililia, sikufichi. Nililia maegesho ya magari, mlinzi akaniletea chai.

Lakini sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Juzi niliweka kurasa za Julai na za Novemba pamoja mezani, kwa mara ya kwanza. Sikuwahi kufanya hivyo, unaamini? Julai taa saa kumi na mbili, dopamini saa kumi na mbili. Novemba taa saa kumi na moja, dopamini saa kumi na moja. Hakuna aliyeliambia jicho kwamba saa imesogezwa. Nola alisogeza, jicho likamfuata, na liliendelea kumfuata gizani taa ilipoondolewa. Si ugunduzi wa kupigiwa makofi na watu mia tatu. Ni kitu kidogo, pengine nusu ya watu wangu watasema walikuwa wakikidhani. Lakini ni kweli, na kinahitaji kupimwa tena kwa makusudi: kundi moja la vifaranga kwa saa ya Queensland, kundi moja kwa saa ya Nola.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, banda. Nitakuja mwenyewe kulisha na kufagia. La pili, mwishoni mwa makala huwa tunawashukuru waliosaidia. Nataka kuandika: "Kwa Nola Tibbett, aliyesogeza saa." Bila kuficha ilivyotokea. Ukikataa nitaelewa.

Na jibu lake nadaiwa tangu siku ile ya keki. Wanaona ndoto? Hatujui, Nola. Hakuna anayejua. Ningemwambia hivyo tu, angefurahi.

Nisamehe neno la ushamba.

Rina

*

Karibu na Murwillumbah, 11 Julai 1988

Rina,

Banda ni lako. Nimeziba tundu la panya na kupaka rangi mlango.

Hilo la kumwandika Nola nimelifikiria siku mbili. Liandike. Lakini usiandike "aliyesaidia". Hakupenda neno hilo, alisema wasaidizi ni wale wanaoondoka saa kumi jioni. Andika aliyesogeza saa, kama ulivyosema.

Samahani kwa "Daktari Zanotti". Ilinitoka.

Lete buti, kuna matope.

Clarrie

*

Karibu na Murwillumbah, 31 Oktoba 1988

Rina,

Uliondoka Ijumaa na sanduku la mwisho la kundi la saa ya Nola, ukaacha buti zako. Mbwa analalia moja.

Nakuandikia upesi kwa sababu najua jana Jumapili uliamka saa kumi ukawa unatembea chumbani. Najua pia sababu. Saa za kiangazi zimeanza, na kundi la saa ya Queensland bado liko bandani mpaka Alhamisi, na wewe uko mbali, na mzee aliyebaki hapa hana rekodi nzuri.

Basi hivi ndivyo ilivyokuwa. Nilifungua mlango wa kabati nikaitoa ile orodha. Nilizunguka nayo na penseli. Ya jikoni nilikuwa sijaigusa tangu Januari, sikukwambia, hata Machi sikuirudisha nyuma, niliiacha vile vile kwa saa ya Nola. Majira yote ya baridi nimekula chakula cha mchana saa moja mapema. Jana haikuhitaji kusogezwa, dunia yenyewe imeifikia. Nikaiwekea vema. Ya chumbani, vema. Ya kuku wa mbao, vema, ingawa mdomo umevunjika. Ya jiko la umeme nimeiweza, bonyeza mbili kwa pamoja, alikuwa akinionyesha kila mwaka na mimi naangalia dirishani.

Nikafika namba kumi na mbili. Nikaenda bandani, nikakaa kwenye ndoo mbele ya ile saa, vifaranga wako wanalia. Penseli mkononi. Nilikaa sana, Rina. Tangu afe sikuwahi kumwambia kitu kwa sauti, nilikuwa naona ni mambo ya wazee waliochanganyikiwa. Jana nilisema. Nilimweleza yote, tangu retina hadi dopamini, yale ya kushikana mikono usiku na kuachiana asubuhi, polepole, kama ulivyonieleza wewe. Ilichukua kama robo saa. Nikamaliza kwa kumwambia, "Kwa hiyo hii, mama, tunaiacha."

Sikuigusa. Inasoma saa ya Queensland. Nenda kalale.

Clarrie